Fizi za Mpiga Tarumbeta

Nianze na jambo ambalo hata wanaonichukia hawalipingi: katika bendi ya zimamoto hakuna anayepiga tarumbeta kunizidi. Sijisifu, nasema tu. Mtu akijua kupika husema anajua kupika, fundi viatu husema viatu vyake havichaniki, sasa mimi ninyamaze kwa sababu gani? Nikipuliza, watu walio kwenye foleni ya benki ng'ambo ya barabara hutoka nje kuchungulia. Ndiyo maana tangu mkuu wa bendi aliponipa tarumbeta la kwanza, hakuna aliyethubutu kuiulizia nafasi hiyo.

Halafu jino likaanza kucheza.

La mbele, la juu, palepale kipulizio kinapokaa. Asiyepiga tarumbeta anaweza kudhani kipulizio kinabandikwa mdomoni kwa upole kama mtu anayebusu mtoto. Thubutu! Unakikandamiza, hasa ukipanda sauti za juu, na nyuma ya mdomo mzigo wote unabebwa na meno ya mbele. Jino likilegea, sauti nayo inalegea. Mwanzoni niliona damu kwenye mswaki, nikasema mswaki mgumu. Ikaja damu kwenye kipulizio, nikasema midomo imekauka. Siku nilipoitafuta sauti ya juu kwenye mazoezi nikahisi jino linarudi nyuma kama mlango usio na komeo, nilikosa cha kusingizia.

Sauti ilipasuka katikati. Bendi nzima ikaacha kupiga, na nyuma yangu nikamsikia Shavu akikohoa.

Shavu ndiye mpigaji wa tarumbeta la pili. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, lakini halina kazi, maana mashavu yake ndiyo yanayotangulia kuingia mlangoni. Si mtu mbaya, sitaki kumzulia. Ila amekaa nyuma yangu muda mrefu akisubiri, na mtu anayekusubiri uteleze, hata akikusalimia kwa adabu zote, salamu yake inakuwasha.

"Pole, dada," akasema. "Kama umechoka, mimi nipo."

"Nikichoka nitakwambia. We kaa hapohapo ulipo."

Mkuu wa bendi ni mtu mwembamba, mgumu, hacheki hata ukimtekenya. Aliniita pembeni, karibu na kabati la ngoma. Mashindano ya bendi za zimamoto yalikuwa yanakaribia, na wimbo wetu unaanza na mwito: tarumbeta moja, bila ngoma, bila mwenzake, linapanda ngazi kwa ngazi hadi sauti ya juu kabisa na kukaa huko. Mwito huo ulikuwa wangu miaka yote.

"Nitawasikiliza wote wawili kabla ya mashindano," akasema. "Uwanjani, mbele ya kituo kizima. Atakayeimudu sauti ya juu ndiye atakayepiga mwito. Mwingine atashika matoazi, maana mpiga matoazi amehamishwa."

Matoazi! Jamani! Mimi nisimame nyuma ya Shavu nikigonganisha mifuniko ya sufuria! Nilirudi nyumbani naongea peke yangu barabarani, watu wakinipisha.

Sasa nikueleze kuhusu mume wangu, maana bila yeye hadithi hii ingekwisha mapema. Anafanya kazi kiwanda cha dawa ya meno, kwenye pipa kubwa la kuchanganyia, na kazi yake hasa ni kutia kile kitu kinacholeta povu. Kiwandani wanamwita Bwana Povu, na mtaani jina limemganda. Kwake yeye usafi ni povu. Akifua, anataka beseni lifurike. Akipiga mswaki, ukimwona unaweza kumkimbizia hospitali. Nyumbani kwetu hakuna kona isiyokuwa na tyubu za kiwanda chao, zile zilizokosewa rangi au kubonyea pembeni, ambazo wafanyakazi huruhusiwa kuondoka nazo. Ni mtu mwema mpaka inakera. Hajawahi kunipandishia sauti, na hilo nalo limenigombanisha naye mara nyingi, kwa sababu kugombana peke yako kunachosha.

Nilipomwonyesha jino, uso ulimwanguka.

"Mke wangu, nenda kwa daktari kesho. Kesho hiyohiyo."

Daktari wa meno ni mwanamke mwenye mikono midogo na ulimi usioficha kitu. Alinilaza kwenye kiti chake, akanimulika, akanichomachoma fizi na kile kichuma chembamba, akaguna.

"Fizi zako zimevimba, zimeachana na meno. Ukoga umejaa huko chini mpaka unatisha. Hili la mbele linacheza kwa sababu halina wa kulishikilia."

"Litapona?"

"Nikukwangue kwanza, ndiyo tuongee."

Alinikwangua, we acha tu. Nimeingia kwenye majengo yanayowaka, lakini siku ile nilishika mikono ya kile kiti kama nimeshika maisha yangu. Alipomaliza alinipa chupa ya dawa ya kusukutulia, maji maangavu yenye wekundu kwa mbali.

"Hii inaitwa klorheksidini," akasema.

"Kloro nani?"

"Klorheksidini. Inaua vijidudu vya mdomoni, na uzuri wake haiui ikaondoka. Inang'ang'ania kwenye meno na fizi saa nyingi, inalinda. Mimi nimeshaondoa uchafu, kazi ya dawa ni kuzuia usirudi wakati fizi zinajishika upya. Utasukutua asubuhi na jioni, unatema, humezi. Ukishapiga mswaki, suuza mdomo kwa maji, halafu subiri nusu saa ndipo utumie dawa. Umenisikia? Usiunganishe."

"Nimesikia. Na jino?"

"Fizi zikipona, jino litakaza. Zisipopona nitaling'oa mimi kabla halijadondokea ndani ya hilo tarumbeta lako. Na punguza kupiga. Piga kidogo, chini chini, usipande juu."

Nilitoka pale nimepiga moyo konde. Mimi nikiambiwa masharti nayafuata, mambo ya zimamoto hayo: ukiambiwa mpira huu uanze kufunguliwa huku, huufungui kule. Nilipiga mswaki, nikasuuza, nikakaa nusu saa nikiangalia saa ya ukutani, ndipo nikasukutua.

Tena hata kumimina sikumimina mwenyewe. Siku ya kwanza tu nilionja dawa kwa ncha ya ulimi, nikakunja uso mbele ya mume wangu, nikasema ni chungu kama laana. Tangu hapo akajipa kazi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kiwandani na kila jioni akirudi, ananiletea dawa yangu kwenye kikombe cha bati, ananishikia na taulo.

"Sukutua, mama watoto."

Mtoto tunaye mmoja tu, binti yetu, lakini anapenda kuniita hivyo. Nami nasukutua. Na ajabu ni kwamba uchungu uliisha. Dawa ikawa laini, tamu tamu, ina ubaridi wa kupendeza. Nikajisemea nimeizoea. Nikamsifu na daktari: dawa yake ni chungu siku ya kwanza tu.

Nikarudi kwake kukaguliwa nikiwa na matumaini kibao. Alinimulika, akanichoma na kichuma chake, damu ikatoka hata kabla hajakiondoa. Akakaa kimya. Daktari mwenye ulimi kama ule akikaa kimya, ujue kuna jambo.

"Unatumia dawa kweli?"

"Natumia."

"Kila siku? Asubuhi na jioni?"

"Daktari, mimi ni mtu mzima. Nimekwambia natumia."

"Basi sielewi. Ukoga umerudi kama hujagusa kitu. Fizi hazijasogea hata kidogo." Akavua glovu, akanitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza. "Rudi wiki ijayo. Nikikuta hali ni hii hii, tutapanga siku ya kuling'oa. Sitaki liambukize na mengine."

Kuling'oa! Na siku ya mkuu wa bendi ilikuwa imebakiza wiki chache tu. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kituoni, nikaingia chumba cha vyombo, nikafunga mlango, nikakaa juu ya kasha la ngoma kubwa na tarumbeta langu mapajani. Nikalia. Nililia kwa sauti, sina haja ya kuficha. Nimelipiga tarumbeta lile tangu nikiwa msichana mwembamba asiyejaa kwenye sare. Kuna watu wakikasirika huenda kutembea, wengine hulala, mimi hupuliza. Nikiondolewa lile, sijui nitazipeleka wapi hasira zangu, na kwa jinsi ninavyojijua, si salama kwa wanaonizunguka.

Nilipotoka nimekausha macho, Shavu alikuwa anapita koridoni na karatasi zake za muziki. Alikuwa ameshaanza kuufanyia mazoezi mwito wangu. Akanipisha kwa heshima. Nikajikaza kisabuni, nikapita.

Sasa sikia mambo.

Asubuhi moja kiwandani waliwaita watu mapema, pipa limeziba. Mume wangu alitoka mbio hata chai hakunywa. Nikapiga mswaki wangu, nikasubiri nusu saa yangu, nikaenda kujimiminia dawa mwenyewe. Kikombe cha bati sikukiona, nikachukua bilauri ya kioo. Nikamimina. Nikaweka mdomoni.

Loh! Nilitema mpaka kwenye kioo cha bafuni. Ilikuwa chungu! Chungu kama siku ya kwanza, chungu ya kukunja visigino! Nikaitazama chupa, ni ileile. Nikatazama bilauri, maji yale yanang'aa, unaona hadi upande wa pili. Nikajua tu dawa imeharibika. Nikampigia simu mume wangu, nyuma yake mitambo inanguruma.

"Baba, dawa yangu imechacha!"

"Imechacha vipi?"

"Chungu! Haimezeki, haitemeki!"

Akacheka. Haki ya Mungu, alicheka. "Ah, hujaweka kile kitu. Pole, nilitoka kwa haraka."

"Kitu gani?"

"Si huwa nakuchanganyia? Nabinya dawa ya meno kidogo, nakoroga. Ile yetu ya mnanaa, yenye povu jingi. Nilikuona unavyopata shida siku ile, roho ikaniuma. Nikaona nikulainishie."

Nilikaa chini palepale bafuni, juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."

Nikamkumbuka daktari na ile nusu saa yake. Nusu saa! Mimi nilikuwa nasubiri nusu saa dawa ya meno iishe mdomoni, kumbe nangojea kuletewa nyingine ndani ya kikombe, na taulo juu. Nilitoa povu kwenye ile simu mpaka aliyekuwa karibu naye kiwandani akauliza kama kuna moto. Nilimwita majina ambayo nimemwomba msamaha kwa nusu yake tu. Yeye, kama kawaida, hakunipandishia sauti. Akasema tu, "Nakuja," na akaja, na magwanda ya kiwandani, unga mweupe mpaka kwenye nyusi. Tukaenda kwa daktari pamoja, mimi nimetangulia hatua kadhaa mbele ili watu wasijue ni wangu.

Daktari alitusikiliza. Kisha akachukua kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga, akamimina klorheksidini, safi, inaonekana hadi chini. Mume wangu alikuwa na tyubu mfukoni, lini hana? Daktari akabinya kidogo, akakoroga kwa kijiti. Maji yakabadilika mbele ya macho yetu. Yakawa meupe, mazito, yana vichembechembe.

"Mnaona?" akasema. "Kile kinacholeta povu na hii dawa vikikutana vinakumbatiana. Na vikikumbatiana haviachani, na wewe mwenye fizi havina habari nawe tena. Dawa haishiki kwenye jino, inatemwa nje na povu lake. Umekuwa unasukutua maji matamu, mama."

Hapo mume wangu akavua kofia. Mtu mzima yule, akaikunjakunja kama kitambaa.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemlegezea jino?"

Sijui kwa nini, lakini hasira yangu yote iliishia pale. Nilikuwa nimeiandaa ya siku nzima, ikaniponyoka.

"Jino lililegea kabla yako," nikamwambia. "Wewe umelipakia mnanaa tu."

Daktari akacheka mpaka akaegemea kiti. Ila aliposimama alisema bila mzaha: "Jino bado lipo. Tuanze upya leo. Nitakukwangua tena pale palipojaa, na safari hii uvumilie uchungu wake kama ulivyo. Nakupa maonyo mawili mapema. Dawa hii inachafua meno, yanaweza kuwa ya kahawia. Nitakuja kuyasugua baadaye. Na itakuharibia ulimi kidogo, ladha ya chumvi hutaisikia vizuri. Usiogope, ukiacha dawa vinarudi."

"Na mkuu wa bendi je? Siku yake imekaribia."

"Mkuu wa bendi simtibu mimi," akasema. "Fungua mdomo."

Tangu siku ile nyumba yetu iligeuka kambi. Bwana Povu alikusanya tyubu zote, za bafuni, za jikoni, zilizokuwa nyuma ya redio, akazifungia kwenye kabati na funguo akamkabidhi binti yetu. Kisha akafanya jambo ambalo kiwandani bado wanalizungumza: akamwomba msimamizi wake ruhusa, akachota dawa ya meno kwenye pipa kabla yeye mwenyewe hajatia kile kitu chake, akaniletea kwenye kopo. Dawa isiyo na povu hata chembe. Ilikaa mdomoni kama udongo mbichi.

"Isugue tu," alinihimiza, akiitazama kwa uchungu kama mtu aliyepika chakula bila mafuta. "Inasafisha. Haina raha, lakini inasafisha."

Na saa ya kusukutua anasimama mlangoni, mikono nyuma, hagusi kitu. Mimi namimina mwenyewe kwenye bilauri, nanyanyua, nazungusha mdomoni huku machozi yananitoka, natema. Binti yetu naye yupo, anashangilia kama mpira umeingia golini. "Mama! Mama! Mama!"

Siku zikaenda. Kwenye fizi sikuona kitu, na nilikuwa nimeshaanza kunung'unika. Mpaka mchana mmoja nilipika maharage, nikayaonja, nikaona yamepooza, nikaongeza chumvi. Nikaonja tena, bado. Nikaongeza. Nikawapakulia. Mume wangu akatia kijiko cha kwanza mdomoni, macho yakamtoka, akameza kwa adabu, akanyoosha mkono kuchukua maji. Binti yetu hakuwa na adabu hiyo.

"Mama, umemwaga kopo zima?"

"Kwani yana chumvi?"

"Yana chumvi? Hii ni chumvi yenye maharage!"

Nilitupa mwiko, nikamkumbatia mtoto, nikamkumbatia na baba yake na glasi yake ya maji mkononi. Chumvi siisikii! Dawa imeshika! Nilicheza mle jikoni, nikacheza hadi jirani akagonga kuuliza kuna sherehe gani. Mume wangu alikuwa anacheka na kukohoa kwa wakati mmoja, na yale maharage aliyamaliza yote, bakuli likawa jeupe. Sijawahi kumpenda kama siku ile.

Kisha meno yakaanza kubadilika rangi. Kwanza ukingoni, kisha katikati, kahawia ya chai iliyolala. Mimi, niliyekuwa nikicheka naonekana mpaka gego! Kituoni walianza kuniuliza kama nimeanza kuvuta sigara. Shavu alinitazama mdomo, akatazama pembeni haraka.

"Cheka tu," nikamwambia, nikamwonyesha yote, ya juu na ya chini. "Hii ni dawa inafanya kazi. Wewe meno yako meupe yanafanya kazi gani?"

Mswaki ukaanza kutoka bila damu. Asubuhi moja nililisukuma jino kwa ulimi, kama nilivyokuwa nikifanya kila nikiamka, na halikwenda popote. Nikasukuma tena. Limesimama. Nikasukuma kwa kidole, nikasukuma kwa nguvu, nikamwita mume wangu asukume yeye. Akakataa kata kata, akasema hagusi tena kitu chochote kilichoko ndani ya mdomo wangu mpaka anaingia kaburini. Daktari ndiye aliyeligusa, akalitikisa na kichuma chake, akainua nyusi.

"Bado si jiwe," akasema, "lakini limepata wa kulishikilia. Nenda kapige."

Siku ya mkuu wa bendi ilifika na jua kali. Magari yote mawili ya zimamoto yalikuwa yametolewa nje yanaoshwa, maji yanatiririka uwanjani. Wazima moto wa zamu walikuwa wamesimama na mipira mikononi, wapishi wametoka, wa chumba cha simu wamefungua dirisha. Mume wangu na binti yetu walikuwa kwenye ukuta, karibu na lango. Yeye alikuwa amevaa shati la kutokea, na kola ilikuwa imemkaba.

Mkuu wa bendi alisimama katikati, midomo ameibana kama kawaida, huoni kama amefurahi au ana njaa.

"Nikinyanyua mkono mkiwa kwenye sauti ya juu, mnaishika," akasema. "Nikiushusha, mnaachia. Basi."

Akaanza Shavu. Sitasema uongo: alipiga vizuri. Mashavu yalijaa, mwito ukapanda bila kujikwaa, akaifikia sauti ya juu na mkuu akanyanyua mkono. Shavu akaishika. Ilitetemeka kidogo mwishoni, lakini aliishika hadi mkono uliposhuka. Watu wakapiga makofi. Alinipita akitoa jasho, na macho yake hayakuwa na ubaya wowote. Alikuwa ameitaka nafasi ile kama nilivyoitaka mimi, na alikuwa ameipigania kwa haki. Hapo nikajua kwamba kufika tu hakutatosha.

Nikasimama pale alipokuwa amesimama. Nikakiweka kipulizio mdomoni, palepale. Nikavuta pumzi.

Nilianza chini, taratibu. Nikapanda. Kila ngazi nilikuwa namsikiliza jino, namngojea anisaliti. Nikapanda tena. Yeye kimya. Ile ngazi aliyonivunjia siku ya mazoezi ilipofika, nilikandamiza, nikisema moyoni, haya basi, kama ni kudondoka dondoka sasa hivi mbele ya watu. Halikusogea. Na jamani, pale hofu iliniachia yote kwa mpigo mmoja, nikapanda hatua ya mwisho kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega akakuta uko wazi.

Ilitoka. Sauti ya juu, nyembamba, safi, haina mkwaruzo wala mtetemo. Ikaenda juu ya magari, ikavuka ukuta, nikaona kwa pembe ya jicho watu wa foleni ya benki wanajazana kwenye lango. Mkuu wa bendi akanyanyua mkono.

Nikaishika. Maji ya kuoshea magari yalikuwa yamefungwa, sijui nani aliyafunga. Nikaishika. Binti yetu alikuwa amemshika baba yake shati kwa mikono miwili, na Bwana Povu analia wazi wazi, hajifuti. Nikapita pale Shavu alipoishia, bado mkono uko juu. Nikaendelea. Mbavu zilianza kuuma, nikazibana. Kifua kilianza kuungua, nikakiacha kiungue, kuungua ndiko ninakokujua. Mkono bado uko juu. Nikamtazama mkuu usoni, nikitaka kumuuliza kwa macho anataka nini tena kwangu, na ndipo nikaona kwamba hanitazami. Amefumba macho. Mtu yule ambaye hacheki hata ukimtekenya alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama mtoto anayesimuliwa, na mkono wake ameusahau hewani.

Mpiga ngoma akamsogelea, akamgusa kiwiko.

"Mkuu," akamnong'oneza. "Mkono."

Akafumbua macho, akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine, akaushusha. Ndipo na mimi nikaiachia, na pumzi bado ninayo.